Siku 21 na Bahati

Kundi la familia yetu kwenye WhatsApp lina watu 34. Mama mkubwa alipouliza nani atapanda Marangu kukaa na mifugo, ili yeye ashuke Dar es Salaam kumlea bintiye aliyejifungua, watu 32 walikuwa na udhuru. Mmoja ana mitihani, mwingine yuko kwenye ukaguzi wa hesabu, wengine walituma tu vile vikono vya kuomba na kunyamaza. Kosa langu mimi ni kwamba nahariri nyaraka kwenye kompyuta, na kwa hesabu za ukoo wetu mtu anayefanyia kazi nyumbani hana kazi. "Si hata bandani unaweza kuhariri?" aliandika mjomba. Hakuna aliyepinga, ikawa imepita.

Niliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri ya Jumamosi moja katikati ya Agosti. Njia ya Dar hadi Moshi nimeipita mara nyingi mno hata sina la kuisimulia: machungwa ya Segera, mkonge wa Korogwe, milima ya Upare mkono wa kulia, upepo wa Same unaoingiza vumbi hata dirisha likifungwa. Nilizinduka Njia Panda ya Himo, pale gari la kwenda Marangu linapoacha barabara kuu na kuanza kupanda. Kando ya barabara kulikuwa na pikapu imepakia mabua ya mahindi mpaka imeegemea upande mmoja, na vijana wawili wamekaa juu kabisa kama wamepanda jahazi. Nikaona inapendeza. Nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi, nikapata vicheko vya kutosha.

Mama mkubwa ana miaka 67. Alinipa chai, akanipa kiburu, kisha bila kungoja nimalize akanipeleka bandani, maana basi lake lilikuwa kesho yake alfajiri na giza lilikuwa linaingia.

Mhusika mkuu anaitwa Bahati. Ni chotara wa Friesian, mweusi, ana baka jeupe kwenye paji la uso na tabia ya kukutazama kwa jicho moja. Bibi yake aliingia katika boma hili kwa mradi wa kanisa wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba mwenye mimba, akizaa jike unamkuza, kisha unamkabidhi jirani anayefuata kwenye orodha, na deni lako linaishia hapo. Jirani aliyefuata alikuwa mama wa boma la juu yetu. Kwa hiyo ng'ombe wa boma la juu na Bahati wana bibi mmoja, na mama mkubwa husema "ndugu yake" bila kutabasamu. Wengine bandani ni mbuzi watatu, mmoja wao beberu aliyehasiwa anayenenepeshwa kwa ajili ya Krismasi, na kuku 11. Kuna na mbwa, ila juu yake sikupewa maelekezo yoyote. "Huyo anajua kazi yake," alisema mama mkubwa, na namna alivyonitazama nilielewa anamaanisha nini.

Maelekezo yalikuwa kwenye daftari la kwaya, nyuma ya nyimbo za Pasaka, kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kuwa katibu. Kukamua saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, si na nusu. Maji ndoo nne kwa siku. Majani yaliyokatwa na umande yaachwe yanyauke kwanza, akila mabichi yenye maji tumbo litajaa gesi. Jiwe la chumvi lisikosekane. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu yakamuliwe kwenye kikombe cheusi, yatazamwe kama yana mabonge. Mwisho, chini ya mstari alioupiga mara mbili: *Usimkamue ukiwa na hasira.*

Alfajiri alibeba mkungu wa mshare wa kumpikia mzazi mtori, na chupa mbili za samli. Alimuaga Bahati kwanza. Mimi aliniaga akiwa getini, kwa mgongo.

Kukamua nilikuwa nimejifunza kwenye video, nikiwa Dar, nikijiona mtu makini. Video haikuniambia kwamba ng'ombe anaweza kukataa. Niliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, nikakisugua kwa kitambaa, nikapaka mafuta ya kukamulia, nikakaa kwenye kigoda. Maziwa yalianza vizuri, mkondo mmoja, mkondo wa pili, halafu yakakatika kama bomba la mtaani kwetu. Chuchu zilikuwa laini mkononi lakini juu yake kiwele kilikuwa kigumu, kimejaa. Alikuwa ameyabana. Kawaida ya asubuhi ni lita saba. Nilitoka na mbili na nusu, na Bahati akageuza shingo akanitazama kwa lile jicho lake.

Baadaye mtaalamu wa mifugo alinieleza. Ng'ombe akipanguswa kwa utulivu, ubongo unaachia kichocheo cha oksitosini, nacho ndicho kinachoyasukuma maziwa yashuke. Kazi yake ni ya dakika chache tu, ndiyo maana mkamuaji hodari hapumziki katikati. Akishtuka, mwili unatoa kichocheo kingine kinachofunga njia. Maziwa yapo, lakini hayashuki. Yakizidi kubaki ndani, kiwele kinaweza kuingia ugonjwa. Asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba gari la kukusanya maziwa linapita saa moja na mimi nina lita mbili na nusu.

Mama wa boma la juu alikuja bila kuitwa. Hakuangalia ndoo, aliniangalia mimi. "Umevaa nini?" Nilikuwa na sweta jipya, na marashi. Akaingia ndani, akarudi na kanga kuukuu ya mama mkubwa, ile ya bandani, yenye harufu ya maziwa na moshi, akanifunga kiunoni na kilemba juu. "Sasa kaa. Na uongee." Niongee nini? "Chochote. Yeye huwa anamwambia habari za kanisani." Basi nikamweleza Bahati habari za mradi wa maji ambao ripoti yake nilikuwa naihariri, aya kwa aya. Jioni ile zilitoka lita tatu na nusu. Siku ya tatu asubuhi zilitoka sita.

Uchaggani kazi ya majani na ya kukamua tangu zamani ni ya wanawake, na fedha ya maziwa ni yao vilevile. Si ajabu kule Machame wanawake wa Nronga walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Kwa hiyo mwanamume mwenye ndevu aliyejifunga kanga alfajiri ni jambo la kusimamisha watu njiani. Mzee mmoja alipita na panga lake, akasimama kwenye ua wa masale.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama," akajibu, akaendelea na safari yake.

Lakini kukamua ni nusu saa. Kazi yenyewe ni majani. Mtu wa mjini akisikia "kuna ng'ombe nyumbani" anawaza maziwa. Sijawahi kukutana na anayewaza majani. Mlimani hakuna malisho. Kihamba ni nyumba, migomba, kahawa chini ya migomba, mringaringa juu yao, na jirani anaanzia pale chako kinapoishia. Ng'ombe anakaa bandani maisha yake yote, na chochote kinachoingia tumboni mwake kimebebwa na mtu. Wataalamu wa ufugaji hukadiria kwamba ng'ombe anahitaji majani mabichi yanayofikia asilimia 10 ya uzito wake kila siku. Bahati ana kilo 400 hivi. Hiyo ni kilo 40, mizigo miwili ya kichwa, kila siku, Jumapili ikiwemo.

Majani ya guatemala kwenye kingo za kihamba yaliisha siku ya nne. Siku ya tano nilishuka na mama wa boma la juu na wenzake watatu kwenda mashamba ya chini, mwendo wa saa nzima, na saa nzima na nusu kurudi kwa sababu kurudi ni kupanda. Walikata kwa mundu wameinama toka kiunoni, magoti yamenyooka, huku wanapiga soga kana kwamba wamekaa sebuleni. Mimi nilikata kidogo nikainuka, nikakata nikainuka. Walinifungia mzigo kwa kamba ya mgomba, wakanisokotea ngata, wakaniinulia mzigo. Hatua ishirini za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha shingo ikaanza kutetemeka yenyewe, mshipa mmoja mmoja, na majani yakawa yananishukia usoni nisione njia. Mdogo katika wale akina mama alikuwa na miaka hamsini na kitu. Walinisubiri mara nne. Mara ya nne mmoja akatua mzigo wake, akachukua nusu ya wangu akaongeza kwenye wake, akaendelea na hadithi ya harusi pale alipokuwa ameiachia.

Usiku ule, shingo imekaza kama mbao, nilifanya hesabu. Mizigo miwili kwa siku ni mizigo 730 kwa mwaka. Bahati ana miaka sita. Mama mkubwa ana kijana wa kumsaidia siku za wiki, sawa, na si kila mzigo unatoka bondeni. Hata hivyo nilikumbuka ile picha ya pikapu niliyoituma kwa mzaha, nikaona haya peke yangu gizani. Nilikuwa nimepiga picha ya chakula.

Wiki ya pili tulinunua mabua ya pikapu moja, nusu kwa nusu na boma la juu. Bei alipatana yeye, mimi nilikatazwa kufungua mdomo ili lafudhi ya Dar isituongezee gharama. Mabua makavu peke yake hayashibishi, basi unayachanganya na mgomba. Mgomba uliokwisha kuzaa unakatwa, unavuliwa magamba, unachanjwa vipande kwa panga. Karibu wote ni maji, na kiangazi hayo ndiyo faida yake. Utomvu wake hauonekani siku hiyo. Kesho yake shati lina madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Ninalo hilo shati. Magamba anayoyakataa Bahati yanalaliwa, yanachanganyika na mavi, yanakuwa samadi, na samadi inarudi kwenye shina la mgomba. Mwaka 2011 FAO iliuingiza mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, upande wa Moshi Vijijini, katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Kwetu hatumo kwenye orodha hiyo, lakini koleo la samadi ni lile lile.

Kulisha ng'ombe wa mwenzio huku si jambo geni. Wazee wa zamani waligawanya ng'ombe wao kwa watu: huyu anakaa na wawili, yule na mmoja, kijiji kingine mmoja. Mlishaji alipata maziwa na samadi, mwenye mali alibaki na uzao. Kwa njia hiyo ugonjwa ukiingia boma moja haukumaliza kundi, na jirani mwenye husuda, au mangi mwenye kuhesabu mali za watu, hakujua hasa nani tajiri. Ng'ombe waliolala katika nyumba ya mtu huenda hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Niliwaza hayo nikikoroga pumba: mimi nami ni mlishaji, maziwa nakunywa, tofauti ni kwamba mimi nina tarehe ya kuondoka.

Beberu wa Krismasi alikata kamba siku ya kumi na mbili. Nilikuwa kwenye mkutano wa mtandaoni, nimezima kamera, nasikia mbwa anabweka nikadhani ndiyo ile kazi yake anayoijua. Alikuwa anaijua kweli. Nilipotoka, mistari miwili ya maharage ya mzee wa boma la kushoto ilikuwa imebaki vijiti. Mzee yule ndiye aliyeniitikia "marahaba, mama." Niliandaa fedha kwenye bahasha. Mama wa boma la juu akanitazama kama nimeandaa tusi. Alikwenda kwenye ua, akakata isale, akalifunga fundo na kunipa. "Fedha baadaye, akitaka. Anza na hili."

Isale ndilo jani hilo hilo linalosimama kwenye mipaka ya vihamba. Anayeletewa isale hapaswi kukataa kusamehe. Akikataa, lawama inahamia kwake. Nilikwenda nimelishika kwa mikono miwili, nikajisikia mjinga mpaka nilipouona uso wa mzee. Alinyamaza kidogo. Akalipokea, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamtajia mama, akaniambia alicheza naye utotoni kwenye mfongo, mfereji wa maji uliopita hapa kabla ya mabomba. Maharage hakuyataja. Alinipa kata ya mbege. Bahasha nilirudi nayo.

Usiku wa kuamkia siku ya kumi na saba Bahati alianza kulia. Si mlio wa njaa. Ni mlio mrefu unaopanda, unakatika, unaanza tena. Saa tisa usiku nilikuwa bandani na tochi. Hakula, alikuwa anazunguka, anataka kumpandia mbuzi. Nikampigia mama mkubwa nikiwa na hakika namfilisi.

"Weka simu karibu naye."

Nikaisogeza simu. Bahati akalia. Kule Dar nikasikia na mtoto mchanga naye anaamka.

"Huyo haumwi," alisema mama mkubwa. "Mulika nyuma. Kuna ute unaning'inia, mweupe kama wa yai?"

Ulikuwepo.

"Basi ana joto. Ukilala tu umenipotezea siku 21. Asubuhi piga namba iliyoandikwa ukutani, juu ya ndoo."

Sababu ya siku 21 ni kwamba ng'ombe hurudia joto kila baada ya muda huo, na kila mzunguko unaopita bure ni wiki tatu za majani zisizo na ndama. Kanuni ya wafugaji ni saa kumi na mbili: ukiona dalili alfajiri, apandishwe jioni. Mtaalamu wa uhimilishaji alifika kwa bodaboda, mtungi wake wa hewa baridi kati ya magoti. Ndani ya mtungi mbegu zinakaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kituo cha taifa cha kuzizalisha kiko Usa River, ukiwa unakwenda Arusha. Alichomoa mrija mwembamba kuliko wa kalamu, akauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, akavaa glavu ya mpaka begani. Mimi nilishika mkia. Nilitegemea jambo kubwa. Lilikwisha kabla sijajua limeanza, akaandika tarehe ukutani kwa mkaa, akanawa, akaomba maziwa glasi moja.

Mama mkubwa alirudi siku ya 21, jioni, anakohoa vumbi la Same. Nilikuwa nimefagia uwanja na kuchemsha chai. Alipita mlango wa nyumba kama haupo, akaenda bandani. Akampapasa Bahati mbavu, akaminya kiwele, akainama akatazama kinyesi kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama ripoti yoyote maishani mwangu.

"Amepungua," alisema. Akainuka. "Si sana. Kanga yangu iko wapi?"

Mwishoni mwa Novemba daktari wa mifugo amempima Bahati, ameshika mimba. Mungu akijalia atazaa Juni. Picha imeletwa kwenye kundi la familia, na wote 34 wameifurahia. Tayari wameanza kuulizana nani anapanda lini, tiketi zimepanda bei, beberu ametajwa mara tisa na maziwa ya mgando mara sita.

Basi na wewe msomaji, kama Desemba hii unapanda nyumbani penye ng'ombe, Himo wanauza pumba na mashudu kando ya barabara. Mwombe dereva dakika kumi, nunua gunia. Soda Marangu zipo.